Mjadala wa Sufuria

Kipindi chetu cha Jumamosi asubuhi kilizaliwa na mtaro. Ulikuwa Busia mjini, kando ya uwanja wanakoegesha matrela yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, na ulikuwa umeziba tangu mvua za kwanza. Mimi nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kusoma salamu na matangazo ya vifo, na kucheza muziki katikati. Siku hiyo mtu mmoja alipiga simu kulalamikia uvundo. Nikauliza, bila kufikiri sana: kuzibua mtaro huu ni kazi ya nani?

Simu hazikunyamaza. Mmoja alisema ni kazi ya kaunti, ndiyo maana sokoni watu wanatozwa ushuru kila siku. Mwingine akasema wenye matrela wazibue wenyewe, maana ndio wanaotupa chupa na kumwaga oili chafu. Mama mmoja akapiga kutoka ng'ambo, Busia ya Uganda, akaniita dada kwa Kiganda, "Nyabo, huku wetu pia umeziba. Sasa tunangojana nani aanze?" Meneja wetu, ambaye kwa kawaida hutoka ofisini pale tu umeme unapopotea, alikuja akasimama nyuma ya kioo cha studio amekunja mikono. Kipindi kilipokwisha akaniambia, "Hiyo ndiyo kitu watu wanataka. Nitafutie watu wawili hawawezi kuelewana, uwape maikrofoni."

Niliwapata bila shida. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mzee wa Namboboto, msomaji wa kanisa la Anglikana. Alikuja kila Jumamosi kwa bodaboda, amevaa koti zito hata jua likiwaka, na njugu mfukoni ambazo alizitafuna wakati mwenzake anaongea. Watu wote walimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa mwenye duka la jumla karibu na msikiti, mama wa makamo aliyeuza saruji, mabati na mafuta ya kupikia. Alikuwa amehiji, kwa hiyo tulimwita Hajati. Aliingia studio na simu mbili, na hakukubali kuzima hata moja. "Nikizima simu," aliniambia siku ya kwanza, "wewe utanilishia watoto?"

Mwalimu aliamini kwamba mambo makubwa ya maisha, maji, shule, hospitali, barabara, na hata bei ya mahindi, yanafaa kuwa mikononi mwa umma. Ujamaa hakuuita ujamaa kila mara. Aliuita "kubebana". Hajati aliamini kwamba serikali ikishika kitu, kitu hicho kinaoza. Neno ubepari hakulipenda, alisema linamfanya mtu aonekane mwizi. Yeye alisema "kujitegemea".

"Hiyo barabara inakuletea saruji," Mwalimu alimwuliza asubuhi moja, "uliitengeneza wewe?"

"Sikuitengeneza. Nililipa ushuru ikatengenezwa, ikaharibika, nikalipa tena."

"Na polisi anayelinda duka yako usiku? Unamlipa wewe?"

"Namlipa," Hajati akajibu. "Mara mbili."

Fundi wetu wa mitambo alicheka hadi akasahau kuzima kipaza sauti chake, na kicheko kikaenda hewani. Wiki nzima watu sokoni walikuwa wakiambiana, "Mara mbili."

Nilichukua muda kuelewa kwamba wawili hao hawakuwa wakibishana juu ya vitabu. Mwalimu alisomeshwa kwa pamba. Baba yake alilima, chama cha ushirika kikanunua, kiwanda cha kuchambua pamba kikafanya kazi, na watoto wa Namboboto wakavaa viatu. Halafu ushirika ukafa, kiwanda kikafungwa, na nguo za mitumba zikajaa sokoni. Alinisimulia hayo nje ya studio, tukingoja mvua ipungue, na sauti yake ikawa ndogo kuliko ile ya hewani. "Hawakutuuliza," alisema. "Walisema soko huria, tukaamka asubuhi pamba haina mtu."

Hajati naye alikuwa na yake. Alianza na kibanda cha mbao karibu na stendi, ana mimba ya mtoto wake wa kwanza, na askari wa baraza la mji wakakibomoa asubuhi watu wakitazama. Mabati walibeba. Chumvi iliyomwagika matopeni aliizoa kwa mikono. "Serikali mimi niliijua kwa rungu kabla sijaijua kwa jina," aliniambia. "Huyo Mwalimu wako aliijua kwa viatu. Ndiyo maana tunabishana."

Mimi nilikuwa katikati. Nilijivunia kutoegemea upande. Nikiulizwa na msikilizaji, "Na wewe mtangazaji unasemaje?", nilisema kazi yangu ni kuuliza tu, halafu nikaweka wimbo. Mama yangu, aliyekuwa akiishi Rukala, kule chini kwenye uwanda wa mto Nzoia, alikisikiliza kipindi akipepeta mchele, na jambo hilo lilimkera. "Unauliza dunia nzima inafikiri nini," alinikaripia nilipokwenda kumwona. "Wewe ukiulizwa, unacheza muziki. Hiyo ni kazi gani?"

Mara moja tulipeleka kipindi mpakani Malaba. Ilikuwa wakati wa kelele za ushuru wa mafuta, na meneja alitaka sauti za madereva. Tulifunga turubai kando ya foleni ya malori, tukaweka meza, na Mwalimu na Hajati wakaketi vumbi likiwapaka nyusi. Foleni ilikuwa imefika mbali, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutukimbia. Mwalimu alieleza kwamba ushuru ndio unaojenga taifa. Hajati alieleza kwamba ushuru ndio unaopandisha bei ya sabuni. Dereva mmoja, mtu wa Mombasa aliyekuwa akipeleka mzigo Kampala, aliomba maikrofoni.

"Mimi niko kwa hii foleni tangu jana," alisema. "Pale mbele kuna mtu wa serikali anakagua. Nyuma yake kuna mtu wa kampuni, anakagua tena. Nikiwa Malaba sioni tofauti ya hao wawili. Wote wananiambia ngoja."

Madereva wenzake walipiga makofi. Mwalimu akatafuna njugu. Hajati akajibu simu. Nikaweka wimbo.

Mvua ya mwaka ule ilianza kama mvua ya kawaida. Ilinyesha milimani, mbali na sisi, na watu wa Rukala wanajua kwamba mvua ya milimani ndiyo ya kuogopa, kwa sababu maji yake hushuka bila kelele. Nilimwambia mama aje Busia akae nami. Akasema kuku wake hawajui mji.

Jumamosi ile mada ilikuwa mbolea ya ruzuku. Je, serikali imnunulie mkulima mbolea, au imwache atafute mwenyewe? Hajati alikuwa akieleza jinsi mbolea ya ruzuku inavyopotea njiani na kutokea upande wa pili wa mpaka katika magunia mapya. Mwalimu alikuwa akinyoosha kidole. Nikapokea simu iliyofuata.

"Uko hewani," nilisema. "Karibu."

"Nataka kuongea na mtangazaji." Niliijua sauti kabla hajamaliza. Mama yangu hakuwahi kupiga simu redioni. "Tuta imekatika huku. Maji iko kwa mlango. Mimi sitaki kuongea mambo ya mbolea."

Simu ikakatika. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sikuweza kukumbuka kitufe cha muziki kiko wapi. Mwalimu alivuta maikrofoni akaikaribia. Kwa sauti yake ya darasani akatangaza kwamba tuta la mto limekatika upande wa Rukala, wenye mitumbwi wasogee, walio kwenye mwinuko wafungue milango ya shule na makanisa, na wakubwa wa kaunti wanaosikiliza wasingoje barua. Alirudia kwa Kiluhya, na tena kwa Kijaluo chake kibovu. Hajati tayari alikuwa amesimama pembeni, simu sikioni, akimwambia dereva wake, "Shusha hiyo saruji. Yote. Pakia unga."

Niliondoka na lori hilo la Hajati. Tulifika mahali lami ilipoingia majini, na hapo lori likasimama. Mbele yetu palikuwa kama ziwa, na vichwa vya migomba vimetokeza. Wanaume waliokuwa na mitumbwi walikuwa wakivusha watu na mifugo. Wengine walivusha bure, wengine walitaka nauli, na nilisikia ugomvi juu ya hilo hapo hapo majini, watu wakiwa wamejitwika magodoro kichwani. Mmoja wa wenye mitumbwi alikuwa akipiga kelele, "Petroli ya injini nitanunua na baraka?" Sikumlaumu, wala sikumsifu. Nilikuwa nikimtafuta mama.

Nilimkuta katika shule ya msingi iliyo kwenye mwinuko, ambako watu walikuwa wamekusanyika. Alikuwa ameketi kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamepanda juu, kuku wawili wamefungwa miguu pembeni yake. Nyumba ilikuwa imeingia maji hadi dirishani. Mpunga wote aliovuna ulikuwa chini ya maji. Alinitazama, akasema, "Umekula?" Nikalia. Yeye hakulia.

Kambi hiyo ya shuleni ilikaa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Unga wa Hajati ulifika siku moja na unga wa serikali. Wa serikali ulikuwa na mhuri kwenye gunia, wa Hajati haukuwa na kitu, lakini ukishasongwa hakuna aliyeweza kuutofautisha. Chifu aliwataka watu wachague kamati ya kugawa chakula. Wanawake walimchagua mama kuwa mwenyekiti. Alidhani ni kwa sababu ya busara yake. Mimi nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mtoto wake yuko redio. Unga ikipotea, atatangaza."

Hapo ndipo nilipouona mjadala wangu wa Jumamosi ukiwa na miguu.

Swali lilikuwa jepesi kulitamka: unga ugawanywe vipi? Chifu alipendekeza kila jamii ipewe sawa. Mwenye watoto tisa akauliza kama yeye na bwana harusi wa juzi ni sawa. Basi wahesabiwe vichwa, wakasema wengine. Vijana waliokuwa wakishinda mtoni wakijaza mchanga kwenye magunia ili kuziba tuta wakasema wao wanachoka zaidi, kwa hiyo wale zaidi. Mzee mmoja akauliza kama mgonjwa afe kwa sababu hajazi gunia. Kisha wakakumbuka waliookoa mbuzi. Mtu mwenye mbuzi hai apewe unga wa bure kama aliyebaki na nguo ya mwilini? Mwenye mbuzi akajibu kwamba yeye aliwahamisha mapema wakati wengine wakicheka, na kwamba akili isiadhibiwe.

Mama aliwasikiliza mpaka wakachoka. Halafu akasema, "Mtu anakula wapi? Anakula kwa sufuria. Wanaokula sufuria moja ni jamii moja. Mimi sitaki kujua nani ameoa nani. Kila sufuria gorogoro moja kwa siku, sufuria kubwa mbili." Gorogoro ni ule mkebe tunaopimia nafaka sokoni, na kila mtu aliukubali kama hakimu. Watu walisema mama ana akili, na nilirudi Busia kazini nikijivuna.

Niliporudi wiki iliyofuata, sufuria zilikuwa zimezaana. Wake wenza waliokuwa wakipika pamoja tangu mafuriko walikuwa wametengana. Kijana aliyelelewa na shangazi yake alikuwa amejitangaza jamii kamili, na sufuria yake ilikuwa kopo la rangi lililokatwa. Mzee mmoja na mkewe, watu wazima wenye wajukuu, walikuwa na majiko mawili ya mawe. Kila mmoja alisonga kaugali kake akiwa amempa mwenzake mgongo, na ugali ukiiva wakakaa wakala pamoja. Mama alikuwa amekonda kwa hasira.

"Hawa watu," aliniambia, "ukiwapa sheria wanaiangalia kama mwizi anaangalia dirisha."

Jumamosi hiyo tulirusha kipindi kutoka kambini. Jenereta la redio lilinguruma nyuma ya choo cha walimu, na watu wakajaa uwanjani. Hajati alikuja amevaa gambuti za kijana wake wa dukani. Mwalimu alikuja na koti lake. Hajati alitazama majiko yote yale akatabasamu kidogo.

"Mimi sicheki," alisema hewani. "Lakini mnaona? Kitu ya bure inafundisha watu hesabu mbaya. Wapeni wenye nguvu kazi, muwalipe unga. Wagonjwa na wazee wapewe bila kazi. Mtaona sufuria zinarudi kuwa chache."

"Na mama mwenye mtoto mgongoni?" Mwalimu akauliza. "Yeye ana nguvu au hana? Nani atapima? Wewe?" Akawageukia watu. "Shule hii ina sufuria kubwa za chakula cha wanafunzi. Pikeni pamoja, mle pamoja. Hakuna gorogoro, hakuna kopo la rangi."

Wengine walipiga makofi, wengine wakaguna. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele, mtoto titini, akanielekezea kidole. "Hawa wawili tunawajua. Wewe ni mtoto wa hapa. Wewe unasemaje?"

Nilitafuta wimbo. Mitambo ya muziki ilikuwa imeachwa Busia. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango wa darasa akinitazama.

"Nafikiri," nilisema, "wenye watoto wapewe kwanza. Watoto hawakuchagua sufuria."

Niliona ni jibu zuri. Lilikuwa na huruma, na halikuwa la Mwalimu wala la Hajati. Basi mjane mmoja akasimama. Nilimjua tangu utotoni. Alikuwa jirani ya mama, wakisali pamoja kanisani kwa mapadri, wakipalizana mashamba. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinipa miwa. Alisimama taratibu, akafunga leso yake vizuri.

"Mimi nilizaa," alisema. "Wote walikufa. Sasa mimi niko namba gani?"

Jenereta lilikuwa likinguruma. Nilisema pole. Maikrofoni ikaichukua pole hiyo ikaipeleka Busia na Malaba na ng'ambo. Mama alikuja akachukua maikrofoni mkononi mwangu, akasema tutapika pamoja, na kwamba mjane huyo ndiye atakayeongoza jikoni kwa sababu hakuna anayejua kupika kumzidi. Watu wakashangilia. Mjane akaketi. Sikujua kama amefurahi.

Ilikwenda vizuri mwanzoni. Sufuria za shule zilitolewa, kuni zikaletwa, na jioni watoto walikula kwanza, halafu wazee, halafu wengine. Mwalimu alikuja mara kwa mara kutoka Namboboto, akisimama karibu na moshi kama mtu aliyejenga nyumba na kupenda kuitazama. Niliandaa kipindi kizima juu ya sufuria ya pamoja. Hajati alisema hewani kwamba tungoje.

Kupika ugali wa watu wengi si kazi ya mtu mmoja, lakini ikawa kama ya mtu mmoja. Waliojitolea siku ya kwanza walipungua. Huyu mgongo, yule mtoto ana homa. Wanaume walicheza drafti barazani kwa vizibo vya soda, na wakiitwa kupasua kuni waliuliza kwa nini wao na si wale. Waliobaki jikoni walikuwa mjane na wanawake wachache, macho mekundu kwa moshi kuanzia alfajiri. Hakuna aliyewalazimisha, na hakuna aliyewapokea kazi hiyo.

Kisha mhisani mmoja akaleta omena, dagaa wa ziwani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa watu kunusa kitoweo. Mimi nilikuwapo siku hiyo, na Mwalimu pia. Chakula kilipogawanywa, watu wa mwisho kwenye foleni walipata mchuzi mtupu. Mtu akapiga kelele kwamba ameona bakuli la omena limefunikwa kwa sahani nyuma ya jiko. Mama akaenda, akafunua. Lilikuwa la mjane na wapishi wenzake, na lilikuwa limejaa.

Ningependa kusema mama alimwita pembeni. Hakumwita pembeni. Alilibeba bakuli hadi katikati ya uwanja.

"Hii ni nini?" alimwuliza.

Mjane alipangusa mikono. "Ni yetu sisi tunapika."

"Nani aliwapa?"

"Nimeamka na giza kila siku. Macho yangu imeharibika na hii moshi. Wewe umeketi na kamati yako. Hiyo omena ni mshahara yangu."

"Hapa hakuna mshahara!" mama alisema. "Hapa ni chakula ya watu."

"Na mimi si watu?"

Mama aliimimina omena ile katika sufuria kubwa mbele ya macho ya kila mtu. Wengine walipiga makofi, na nadhani makofi hayo ndiyo yaliyoumiza zaidi. Mjane alivua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaikung'uta, akaondoka jikoni. Wenzake wakamfuata. Kesho yake hakukuwa na wa kuwasha moto. Majiko ya mawe yakarudi, moja moja, na kamati ikarudi kwenye gorogoro bila mtu kutangaza.

Nilimtafuta Mwalimu siku ile nikamkuta ameketi peke yake kwenye ngazi ya darasa. Njugu zilikuwa mkononi na hakuwa akizila. "Ilifaa wapokezane zamu," alisema. "Nilisahau kusema zamu. Nilifundisha mambo haya miaka yote, nikasahau zamu." Nilipomsimulia Hajati dukani kwake, nilitarajia acheke. Alikuwa akimpimia mteja misumari. Alimaliza kupima, akafunga karatasi, ndipo akasema, "Ungemlipa huyo mama tangu siku ya kwanza, hangeficha. Mtu anaiba mshahara wake akiwa hajapewa." Kisha akaongeza, polepole, "Lakini pia nani angemlipa? Unga yenyewe ilikuwa ya kuombwa."

Nimewaza maneno yao wote wawili mara nyingi. Kila nikiyaweka pamoja naona yote yana kweli. Wala sijui kama yangezuia kilichotokea kati ya wanawake wawili waliopalizana mashamba tangu kabla sijazaliwa.

Maji yalishuka. Watu walirudi mmoja mmoja, wakakuta matope ndani ya nyumba na mchanga juu ya mashamba. Kulikuwa na mkutano ambapo ofisa alieleza kwamba pengine serikali itawatafutia ardhi sehemu ya juu. Mama alimwuliza ardhi hiyo iko wapi. Ofisa akasema bado inatafutwa. Mama akasema yeye yake haikupotea, anajua iko wapi, na akaenda kuitoa matope.

Tuta lilizibwa. Pale lilipokatika walijenga ukuta wa mawe na saruji, na mkandarasi wa kaunti alinunua saruji hiyo dukani kwa Hajati. Mwalimu alilipata jambo hilo akalileta studio kama zawadi. "Hajati," alisema hewani, sauti imejaa furaha, "leo utufafanulie. Matumizi ya serikali ni mabaya au mazuri?"

"Mazuri," Hajati akajibu bila kupepesa. "Wakinunua kwa bei halali, serikali ni mteja kama wengine. Mimi sikusema wasinunue. Nilisema wasiuze."

Waliendelea hivyo, na wanaendelea mpaka leo. Kitu kilichobadilika ni mimi. Nikiulizwa ninasemaje, ninajibu, hata kama jibu ni dogo na nusu yake si sahihi. Meneja hakupenda mwanzoni. Wasikilizaji wengine wananitukana sasa kwa uwazi zaidi, na wengine wananirekebisha. Juzi mtu wa Tororo alinieleza kwa upole kwamba sielewi deni la taifa hata kidogo, na nilikubali.

Mama na yule mjane hawakugombana tena. Walisalimiana kanisani, wakaulizana habari za magoti na mvua. Lakini hawakupalizana tena. Kila mmoja alitafuta kibarua. Shamba la mjane lilikuwa limefunikwa na mchanga, na msimu wa pili alipopanda tena likatoa majani tu. Hatimaye mpwa wake anayekaa Busia mjini alimwita akaishi naye, amsaidie kwenye kioski chake cha chai.

Siku aliyoondoka nilikuwa Rukala. Mama alikuwa shambani na nilidhani atabaki huko huko. Alitokea mgombani na miguu yenye udongo, akachukua begi la mjane bila kusema neno, akajitwika. Walitembea pamoja kufuata njia ya barabarani, mama mbele, mjane nyuma, bila haraka. Mimi nilikaa mlangoni. Niliwaona wamesimama pale zinapopita pikipiki, wakisubiri, na mama akiongea, kisha mjane akiongea, kwa muda. Pikipiki ikaja, ikambeba. Mama aliporudi alinawa miguu kwenye karai, akaniuliza kama nimewapa kuku maji. Sikumwuliza walichosema.